Sakafu ya zege ya gereji: nunua nini kwanza, na nini kiache dukani

Ukienda dukani na malalamiko ya sakafu ya gereji iliyochafuka, mara nyingi utaoneshwa mashine ya presha na chupa ya asidi. Vyote vina kazi yake, ila doa la oili lililozama si kazi ya asidi, na maji ya presha peke yake huishia kulisambaza. Zege limejaa vitundu vidogo ambavyo hunywa oili, na mafuta yaliyonywewa hutoka kwa kuyeyushwa au kuvutwa, si kwa kusukumwa.

Kabla ya kutoa pesa, dondosha maji kidogo sehemu tatu nne za sakafu. Yakinywewa ndani ya dakika moja au mbili, zege liko wazi. Yakisimama juu kama matone, ama pana oili, ama sakafu ilipakwa rangi au dawa ya kuziba. Sakafu yenye epoksi (rangi ngumu ya plastiki) haitaki chochote kikali katika orodha hii: sabuni laini na mopu vinaitosha.

1. Dawa ya alkali ya kukata grisi, pamoja na brashi

Hii ndiyo ya kwanza, na kwa gereji nyingi ndiyo ya mwisho. Soma lebo: tafuta sodiamu metasilikati au sodiamu haidroksaidi. Chagua ile nzito ya kuchanganya na maji, si ya kupuliza moja kwa moja. Lita 5 zikichanganywa sehemu moja kwa kumi zinakupa lita 55. Kwa doa zito, panda hadi moja kwa nne, mradi lebo inaruhusu. Vaa glavu za mpira na miwani, maana alkali huunguza ngozi na macho.

Fagia, kisha kwangua grisi iliyoganda kwa kisu cha plasta. Mwaga dawa kwenye eneo la mita mbili au tatu za mraba tu, iache dakika 10 hadi 15, na ikianza kukauka ongeza. Ikikauka huacha ukoko mweupe, na uchafu hurudi palepale. Sugua, halafu vuta maji machafu kwa mpira wa kukaushia au mashine ya kunyonya maji *kabla* ya kusuuza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamwaga maji juu ya povu lenye oili, na zege linainywa tena. Suuza mara mbili.

Brashi iwe ya nailoni ngumu yenye mpini mrefu. Ya waya wa chuma huacha vipande ndani ya vitundu, na baadaye vinaota kutu.

Doa la zamani likijitokeza tena baada ya siku kadhaa, usilaumu dawa. Ni oili ya chini inayopanda. Rudia, au nenda namba 3.

2. Chembechembe za udongo wa kunyonya oili

Mfuko mmoja unapaswa kuwepo kila wakati, kwa sababu oili mbichi ni rahisi kuliko oili ya mwaka jana. Mwaga unene wa sentimita moja, zisage kwa soli ya kiatu, acha usiku kucha, fagia. Vumbi la mbao hufanya kazi hiyohiyo, ila usilitumie kwa mafuta ya kitani wala vanishi ya mafuta: hujipasha joto lenyewe hadi kuwaka.

3. Unga wa kubandika

Kwa doa jeusi lililogoma. Changanya unga wa talki au wa diatomu (udongo mwepesi wa mabaki ya viumbe vidogo vya majini) na dawa namba 1 hadi uwe uji mzito, upake unene wa nusu sentimita hadi moja, ukipita kingo za doa. Funika kwa plastiki na ubandike pembeni kwa utepe wa gundi kwa saa 24. Kisha ondoa plastiki uuache ukauke kabisa, kwa sababu unapokauka ndipo unapovuta mafuta juu. Ukikwangua ungali mbichi, umepoteza siku.

4. Sabuni ya unga ya kufulia

Inatosha kwa vumbi na tope la matairi. Kwa oili nzito, usiitegemee.

5. Mashine ya presha

Kodi, usinunue. Presha ya baa 140 hadi 200 inatosha, pua inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 25, umbali wa sentimita 30 hivi. Pua ya nyuzi sifuri huchonga mistari ambayo haifutiki. Itumie baada ya dawa kukaa, si badala yake. Kama ni ya injini ya petroli, injini ibaki nje: moshi wake ndani ya gereji unaua.

6. Asidi

Kwa kutu, nunua ya oksaliki. Ni sumu, iweke mbali na watoto. Ya haidrokloriki hula saruji yenyewe, na mvuke wake huotesha kutu vifaa vyako vyote. Ukilazimika kuitumia, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na isikutane na dawa ya klorini: gesi inayotoka ni ya hatari.

Visivyostahili kununuliwa

Petroli na mafuta ya taa huilainisha oili ikazama zaidi, na mvuke wa petroli hutambaa chini ukitafuta cheche. Dawa ya klorini huua ukungu, oili haiigusi.

Maji machafu usiyaache yakimbilie mfereji wa mvua. Ziba mlango kwa tuta la mchanga, yakusanye kwenye ndoo, na mchanga ulioloa oili uupeleke panapopokewa oili chakavu.