Hitilafu iliyojificha kila nilipochomeka waya: uzoefu wangu na Xcode na TestFlight

Nimetengeneza programu ndogo ya kurekodi matumizi ya kila siku, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiijaribu kwenye iPhone. Makosa ya msimbo nitakayoyataja ni yangu mwenyewe, sina wa kumsukumia. Ninachoeleza ni jinsi zana hizi zilivyonisaidia kuyaona, na mahali msaada wake ulipoishia.

Nianze na simyuleta ya Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone: simyuleta ni ile simu inayoonekana kwenye skrini ya Mac. Ni nyepesi, na kwa kupanga sura ya programu sijaona ya kuishinda: lugha, ukubwa wa maandishi, mwanga au giza, vyote unabadilisha kwa kubofya. Lakini inaigiza tu. Programu yako inaendeshwa na prosesa ya Mac, inakula kumbukumbu ya Mac, inasoma mafaili kutoka diski ya Mac. Kamera haina. Mimi nilinaswa na jambo la kitoto kabisa. Faili la picha nililiita Ikoni.png, kwenye msimbo nikaandika ikoni.png. Diski ya Mac, kwa mpangilio wake wa kawaida, haibagui herufi kubwa na ndogo. Ya iPhone inabagua. Kwa wiki nzima picha ilionekana vizuri kwenye simyuleta, na kwenye simu pakawa patupu. Nilitafuta kosa kwenye rangi, kwenye vipimo, hata kwenye intaneti ambayo picha hiyo haikuihitaji, kabla sijaangalia jina.

Kuiweka programu kwenye simu halisi kunataka cheti cha kidijitali kutoka Apple. Kwa akaunti ya bure, ruhusa inaisha baada ya siku 7, na programu haifunguki tena mpaka uisaini upya. Kwa anayejifunza inatosha. Ukitaka watu wengine wakujaribie, itabidi uwe na akaunti ya kulipia, ndipo inapoingia TestFlight, huduma ya Apple ya kuwapa watu matoleo ya majaribio.

TestFlight naisifu bila kigugumizi kwa upande wa kusambaza: unamtumia mtu kiungo, anapakua, basi. Wajaribuji wa nje wanaweza kufika 10,000 (mimi nilikuwa nao kumi na mmoja, na watatu kati yao hawakuwahi hata kuifungua). Toleo linadumu siku 90, na la kwanza hupitiwa na wakaguzi kabla halijawafikia watu wa nje.

Sasa, mmoja wa wale wanane waliobaki akaniandikia: "Inafunguka, inaganda, inajifunga." Kwangu ilikuwa inafunguka bila shida. Nikamwomba anirekodie video. Nikaona nembo yangu, kimya kirefu, halafu huyo amerudi kwenye skrini ya mwanzo. Nikaitazama mara tano kana kwamba mara ya sita itaniambia kitu. Huu ndio ugumu wa jukwaa lililofungwa: mtu yuko tayari kukusaidia, simu anayo mkononi, lakini huwezi kuingia ndani yake kuangalia, na yeye mwenyewe hajui aangalie wapi.

Siku tulipokutana nikachomeka simu yake kwenye Mac yangu na kuiendesha programu kutoka Xcode. Ikakawia, ikakawia, ikafunguka. Tukaangaliana. Nikachomoa, akaigusa kwa kidole: ikajifunga. Nikachomeka: ikafunguka. Paka akiondoka panya hutawala, na paka wangu alikuwa waya.

Maelezo yake nilikuja kuyapata baadaye. Ndani ya iOS, mfumo unaoendesha iPhone, kuna mlinzi wa muda. Programu ikikaa takribani sekunde 20 bila kumaliza kufunguka, anaiua. Kwenye simyuleta mlinzi huyo hafanyi kazi, na kwenye simu huzimwa Xcode inapokuwa imeishika programu ili kusaka hitilafu. Sababu inaeleweka: ukiisimamisha programu uikague mstari kwa mstari, usingependa ifie mikononi mwako. Ila matokeo yake ni kwamba chombo cha kutazamia kinabadilisha kile unachokitazama.

Ripoti ilikuwamo ndani ya simu yenyewe, imefukiwa kwenye mipangilio ya faragha, upande wa data za uchanganuzi. Ilikuwa na alama 0x8badf00d, ambayo kwa Kiingereza husomeka kama "ate bad food", yaani "nimekula chakula kibovu". Nilicheka, halafu nikaona aibu. Jamaa alikuwa ameingiza rekodi za miaka mingi, na mimi kila programu ilipofunguka nilikuwa nazipanga upya zote kwenye uzi mkuu, yaani foleni ileile ya kazi inayochora skrini, kabla ya kuchora chochote kwenye skrini. Simu yangu ilikuwa na rekodi kama mia mbili tu. Tena sehemu za ripoti zinazohusu programu yangu zilikuwa safu za namba tupu. Bila faili la dSYM (ramani ya majina ya msimbo) la toleo lilelile huwezi kuzigeuza ziwe majina na mistari ya msimbo wako. Siku chache kabla nusura nilifute nikitafuta nafasi kwenye diski.

Je, ningependa jukwaa liwe wazi zaidi? Nikiwa mtengenezaji, ndiyo, hasa saa sita za usiku. Nikiwa mwenye simu, nafurahi kwamba programu ya mtu nisiyemjua haiwezi kuchungulia mafaili ya programu nyingine. Siwezi kudai vyote viwili kwa sauti ileile.

Simyuleta naiachia kazi ya sura. Mengine yote najaribu kwenye simu, na baada ya kusakinisha nachomoa waya, naifunga programu, naifungua kwa kidole kama mtu wa kawaida. Nimetengeneza pia rekodi za uongo zipatazo laki moja za kuilemea makusudi. Na programu sasa inaandika yenyewe muda wa kila hatua ya kufunguka, pamoja na kitufe ambacho mwenye simu akipenda anakibonyeza kunitumia. Yule jamaa alikuwa wa kwanza kukibonyeza. Sekunde 3. Halafu akauliza mbona ile picha ya juu haionekani.