Sola ya vani ya safari kwa watu wa Mombasa: ununue ipi, uache ipi

Wengi wakitaka kutia sola kwenye vani hukimbilia kuuliza bei ya paneli. Anza na friji, maana hiyo ndiyo mlaji mkubwa. Friji ya kompresa ya volti 12, lita 40, hula wati 45 hivi ikinguruma, na kwa joto letu hunguruma nusu ya siku: 45 × 12 ni wati-saa 540. Feni ya wati 20 ikizunguka usiku kwa saa 8, ni 160. Laptopu 120, taa tatu za LED 60, simu mbili 30. Jumla wati-saa 910 kwa siku.

Pwani hupata kama saa 5 za jua kamili (jua la nguvu zote) kwa siku, lakini pigia hesabu masika, weka 4. Robo ya umeme hupotea kwa joto, vumbi na waya. Basi 910 ÷ (4 × 0.75) ni wati 303: nunua paneli za wati 300. Zilaze bapa juu ya paa, kwani Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Acha upenyo wa sentimita 5 chini yake upepo upite. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.35, kwa hiyo paneli iliyofika nyuzi 65 imeshapoteza asilimia 14.

1. Lithiamu (LiFePO4) Ah 100, paneli mbili za wati 150, kontrola ya MPPT ya ampea 30

Hii ndiyo tunayoipendekeza. Ah ni ampea-saa, yaani kipimo cha umeme ambao betri hubeba; kontrola ni kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri, na MPPT ni aina yake inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea. Betri hii hubeba wati-saa 1,280, na unaweza kutumia 1,000 bila kuiumiza. Usiku mmoja wenye friji na feni hula kama 520, kwa hiyo asubuhi bado una akiba. Ukipenda kukaa Tiwi au Watamu siku mbili za mawingu, chukua Ah 200. Usiifunge karibu na injini: kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, na lithiamu nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalopita nyuzi 45 hadi 55. Iweke nyuma, chini ya kitanda, penye hewa. Ukitaka alteneta iichaji, tia katikati chaja ya DC-DC, kifaa kinachodhibiti ampea zinazoingia betrini. Ukiunganisha moja kwa moja, lithiamu hunyonya ampea nyingi mno na alteneta inaweza kuungua.

2. AGM au jeli (betri za risasi zilizofungwa) Ah 200, paneli zilezile

Bei ya kuanzia huwa nafuu, lakini utatumia nusu tu, yaani wati-saa 1,200, na utabeba kilo 60 hivi. Ukizoea kuishusha chini ya nusu, itakufa mapema.

3. Sanduku la umeme lililokamilika, wati-saa 1,000

Linamfaa anayetoka wikendi chache kwa mwaka. Soma kikomo cha volti cha tundu la sola kabla ya kuunga paneli: mbili za volti 22 zikiungwa kwa mfululizo hutoa 44, na baadhi ya masanduku hayavumilii.

4. Betri ya kuwashia gari

Usinunue. Bamba zake ni nyembamba, hazikutengenezwa kumwaga chaji usiku kucha. Ile ya maji ya asidi hutoa hidrojeni, na wewe unalala humo humo.

Kosa linalouma zaidi ni paneli ya nyumbani ya wati 300 (volti 32) kufungwa kwenye kontrola ya bei rahisi ya PWM. Kontrola hiyo huivuta paneli ishuke hadi volti za betri: ampea 9.5 × volti 13, unapata wati 120 hivi. Zaidi ya nusu ya pesa yako imebaki juani.

Waya nao. Kwa friji iliyo mita 4 kutoka betrini, fundi akikupa waya wa mm² 1.5, kompresa ikianza kwa ampea 10 karibu volti moja hupotea njiani, na friji huzima ikidhani betri imekwisha ilhali imejaa nusu. Dai mm² 4. Kutoka kontrola hadi betri weka mm² 10, na fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na chanya ya betri. Birika na pasi viache nyumbani. Wati 2,000 ni zaidi ya ampea 160 kwenye volti 12. Pika kwa gesi.

Dukani, nenda na futi. Paneli nzuri hutoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ile ya mita 1.5 kwa 0.67 yenye lebo ya wati 300 ni ya uongo. Betri ya lithiamu Ah 100 huwa na kilo 10 hadi 13. Ukiiinua ukaikuta ya kilo 6, irudishe. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, bolti ziwe za chuma cha pua, na vichwa vya betri vipakwe grisi, maana hewa ya chumvi ya bahari hula shaba tupu hadi ikawa kijani.