Kila Programu na Chungu Chake: Uchambuzi wa Tor Browser na OnionShare

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, tazameni skrini yangu. Nimeandika amri moja, sudo ss -ltnp, ile inayoonyesha programu zilizofungua poti, yaani milango ya mawasiliano ya kompyuta, na zinasubiri kazi. Mstari huu ni tor, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta kadhaa za watu wengine ili kuficha anwani yako, poti 9050. Huu hapa ni tor tena, poti 9150. Shuka chini kidogo: tor ya tatu, poti yenye namba ya kubahatisha. Kompyuta moja, mtu mmoja, Tor tatu.

Ya kwanza niliiweka mwenyewe kwa apt, kisakinishi cha mfumo wangu. Ya pili imekuja ndani ya Tor Browser, kivinjari kinachopitia Tor. Ya tatu imekuja ndani ya OnionShare, ile programu ya kutumiana mafaili moja kwa moja bila kuyaweka kwenye seva ya mtu, ambayo niliiweka kwa Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux. Hakuna aliyekosea hapo. Kila programu imekuja na chungu chake, mafiga yake na kuni zake, haikuuliza kama nyumba tayari ina jiko. Ndicho ninachochambua leo: je, zana za faragha zije zimebeba kila kitu, au zitumie kwa pamoja kilichopo kwenye mfumo? Nimeishi na mipangilio yote miwili kwenye mashine hii ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na nina msimamo.

Tuanze na Tor Browser. Nafungua folda yake. Browser, halafu TorBrowser, halafu Tor. Mnaona? Hii hapa ni tor yenyewe, na pembeni yake libssl, libcrypto, libevent. Hizo ni maktaba, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu huviazima, na Debian yangu inazo tayari, zinatumiwa na programu nyingine kibao. Tor Browser haizigusi za mfumo. Imebeba zake.

Sasa rudi nyuma, ingia folda ya fonts. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie nami kidogo. Kivinjari kubeba fonti zake! Mtu ataona ni kujaza diski bure. Lakini tovuti inaweza kupima upana wa maneno kwenye skrini yako, na kwa kipimo hicho ikajua una fonti zipi. Fikiria mtu wa Lamu aliyeweka fonti maalumu ya Kiarabu ili aandike Kiswahili kwa Ajami. Kivinjari kikitumia fonti za mfumo, mtu huyo anajulikana kila aendapo, hata kama anwani yake ya IP imefichwa vizuri kabisa. Kufanana ndiyo kinga yenyewe. Unajificha kwenye umati, na umati ni umati pale tu watu wamevaa sare. Kwa hiyo fonti moja, toleo moja la Firefox, kivinjari ambacho Tor Browser imejengwa juu yake, mipangilio ileile, kwangu na kwa mtu wa Brazil.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho. Tangu mfululizo wa toleo 3.0, mwaka 2013, Tor Browser inajengwa kwa namna ambayo wewe ukichukua msimbo ukaujenga kwenye mashine yako, unapata faili lilelile, baiti kwa baiti, sawa na walilolitoa wao. Maana yake, aliyelijenga hawezi kukupenyezea kitu kimyakimya, kwa sababu wengine watajenga na kulinganisha. Jambo hilo ni gumu mno ukitegemea maktaba za kila mfumo, kila mahali zikiwa na toleo lake. Kwa kivinjari, basi, naunga mkono kubeba kila kitu, na simung'unyi maneno.

Lakini kubeba kuna gharama, na imewahi kulipwa. Tarehe 7 Aprili 2014 dunia iliambiwa kuhusu Heartbleed, kasoro ndani ya OpenSSL, maktaba ya kufunga mawasiliano kwa siri (zile libssl na libcrypto), kuanzia toleo 1.0.1 hadi 1.0.1f. Firefox iliyo ndani ya Tor Browser ilisalimika, kwa kuwa inatumia maktaba nyingine, NSS. Tor iliyofungashwa nayo ndiyo inayotumia OpenSSL. Mradi wa Tor wenyewe ulionya kwamba relei ya kwanza unayounganishwa nayo, yaani kompyuta ya mtandao wa Tor inayopokeza mawasiliano yako, ingeweza kuchota kwenye kumbukumbu ya programu yako mambo kama tovuti ulizozitembelea muda huo. Sasa angalia tofauti. Mtu wa Debian alisasisha mfumo, ikaja maktaba moja iliyorekebishwa, akawasha upya programu zake, na zote zilizoitegemea zikapona kwa mpigo. Mtu wa Tor Browser alilazimika kwenda kupakua furushi zima upya, kwa sababu uwezo wa kivinjari hicho kujisasisha chenyewe ulikuja na toleo 4.0, Oktoba mwaka huohuo. Asiyesikia habari alibaki na tundu lake.

Septemba 2023 hadithi ikajirudia kwa sura nyingine. Kasoro kwenye libwebp, maktaba ya kufungua picha, CVE-2023-4863. Chrome, Firefox, na programu zote zilizojengwa juu ya Electron, msingi wa kutengenezea programu kwa teknolojia ya kivinjari, kila moja ikiwa na nakala yake ya libwebp tumboni. Kila moja ikasubiri mwenyewe atoe sasisho. Kurekebisha moja hakukuiponya jirani yake.

Msidhani basi kushirikiana ni salama tu. Mwaka 2006, ndani ya Debian, kuna mistari ya msimbo iliondolewa kwenye OpenSSL kwa sababu chombo cha ukaguzi kilikuwa kinailalamikia. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa inaleta ubahatishaji unaofanya funguo za siri zisiweze kukisiwa. Kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kikawa ni namba ya mchakato, ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, na namba hizo ni 32,768 tu. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote bila shida. Hali ikakaa hivyo hadi Mei 2008, Luciano Bello, mmoja wa waendelezaji wa Debian, alipoigundua. Maktaba moja imeharibika, na kila kilichoitegemea kikaharibika nayo. Na kilichonigusa zaidi ni hiki: baadhi ya seva za saraka za Tor, zile zinazoutangazia mtandao mzima relei zipi ni za kuaminika, zilikuwa zimetengenezea funguo zake kwenye Debian. Tor ikalazimika kutoa toleo 0.2.0.26-rc ili kubadilisha funguo hizo, na watumiaji wakahimizwa kusasisha hata wale ambao hawajawahi kuiona Debian. Chungu cha pamoja kikiingia sumu, wanaougua ni wengi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nirekodi video hii.

Nafungua faili linaloitwa state, ndani ya data za Tor Browser. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyasoma. Ona mistari hii inayoanza na neno Guard. Hizo ni relei ambazo Tor imezichagua ziwe walinzi wako, yaani kompyuta ya kwanza unayoingilia mtandaoni. Tafuta iliyoandikwa confirmed_idx=0. Huyo ndiye mlinzi wa kwanza. Huyo anaijua anwani yako halisi. Hajui unakwenda wapi, ila anajua wewe ni nani. Ndiyo maana Tor haibadilishi mlinzi kila siku, inakaa naye kwa miezi, kwa sababu kila ukichagua mpya unacheza bahati nasibu upya: huenda huyu ni mtu mwema, huenda ni mtu anayekuvizia. Mwaka 2014 waendelezaji wa Tor waliandika pendekezo la kushusha walinzi kutoka 3 hadi 1 kwa hofu hiyohiyo.

Haya, sasa nafungua state ya tor ya mfumo, /var/lib/tor/state. Mlinzi wa kwanza ni mwingine kabisa. Nafungua ya OnionShare. Mwingine tena. Mmeona kilichotokea? Watu waliofanya hesabu miaka na miaka ili tuwe na walinzi wachache, na mimi kwa kusakinisha programu tatu nimejipa walinzi watatu, kila mmoja anaijua nyumba yangu. Ukiongeza Bisq, programu ya kubadilishana Bitcoin, ambayo nayo huja na Tor yake, wanakuwa wanne. Hakuna programu hata moja iliyokosea ikiangaliwa peke yake. Tatizo linaonekana ukizitazama zikiwa pamoja kwenye mashine moja, na hakuna anayekuonyesha, mpaka uandike amri kama niliyoandika mwanzoni.

Hapo ndipo msimamo wangu unapogawanyika. Kivinjari kibaki na vyote vyake, kwa sababu ya sare. Zana nyingine zote zinazohitaji Tor zitumie moja, ya mfumo. OnionShare haihitaji sare. Inahitaji njia ya kupita tu.

Kuipanga ni dakika chache. Nimeiondoa ile ya Flatpak, nikaweka ya Debian yenyewe, sudo apt install onionshare. Hata bando limepumua: tor ya apt ni megabaiti chache tu, wakati Flatpak ikiwa ndiyo ya kwanza kwenye mashine inavuta msingi wake wote, mamia ya megabaiti. Halafu nikajiingiza kwenye kikundi cha debian-tor, sudo adduser kisha jina lako, kisha debian-tor, nikatoka na kuingia tena. Ndani ya OnionShare, kwenye mipangilio ya Tor, badala ya kuiachia Tor iliyokuja nayo, nachagua kuunganisha kwa faili la soketi, /run/tor/control. Nabonyeza kujaribu. Imekubali. Narudia amri yangu ya mwanzo: tor mbili.

Kuna swali ambalo najua mtaliandika pale chini: je, zikitumia Tor moja, shughuli zangu hazitachanganyika? Swali zuri. Kwenye /etc/tor/torrc, faili la mipangilio ya Tor, ongeza mstari, SocksPort 9052, na mwingine kwa kila programu unayotaka ikae peke yake. Tor haipitishi kwenye njia moja mambo yaliyoingia kwa poti tofauti. Mlinzi ni mmoja, lakini njia baada yake ni tofauti. Wanaotumia Tails, mfumo wa kompyuta unaopitisha mawasiliano yote kwenye Tor, wanaishi hivi tayari: tor ni moja kwa mfumo wote, kivinjari kikiwemo, na kuna kichujio, onion-grater, kinachozuia programu isiiamuru Tor mambo yasiyoihusu. Huko inafaa hata kwa kivinjari, kwa kuwa waliojenga Tails wanatoa mfumo mzima kama kitu kimoja.

Upungufu mkubwa wa njia yangu ni mahali Tor inapozuiwa. Tor Browser imebeba madaraja yake, yaani njia za kuingilia Tor kwa kificho panapozuiwa, kama Snowflake na obfs4, unabonyeza tu. Tor ya mfumo inakutaka uyaandike mwenyewe kwenye torrc. Waliokuwa Tanzania Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, wanakumbuka jinsi Twitter na mitandao mingine ilivyokuwa haifunguki. Siku kama ile mtu hana nafasi ya kujifunza kuandika torrc. Kama unaishi na wasiwasi huo, yaandike madaraja mapema, yajaribu siku ambayo kila kitu kiko shwari.

La mwisho ni fleshi, na hili linaniuma. Kwa sababu Tor Browser imebeba kila kitu kwenye folda moja, inanakilika kirahisi, na huku kwetu, bando likiwa ghali, tunapeana. Majuzi kijana mmoja aliniletea kompyuta yake akisema Tor inasuasua. Nikaona folda ilitoka kwa rafiki yake, aliyeipata kwa rafiki mwingine. Toleo la zaidi ya miaka miwili. Ndani mlikuwa na alamisho za mtu asiyemjua, kurasa alizokuwa akizifuatilia, na faili la state lenye walinzi wa yule mtu. Watu watatu wa mitaa tofauti wamebeba orodha ileile ya walinzi, na siri za mmoja wao zimezunguka mji.

Kupeana si kosa, naomba mwendelee kupeana. Ila usinakili folda iliyokwisha kutumika. Chukua lile faili la asili lililopakuliwa, la tar.xz, pamoja na faili lake dogo la sahihi, la asc. Weka yote mawili kwenye fleshi. Anayepokea aende kuuchukua ufunguo wa waendelezaji wa Tor Browser mwenyewe, asiuchukue kwenye fleshi hiyohiyo, kisha ahakiki kwa gpg --verify kabla ya kufungua. Akishafungua, aruhusu kijisasishe hata kama ni usiku bando likiwa rahisi. Sasisho huwa ni dogo kuliko furushi zima kama toleo lake halijachakaa sana.

Yule kijana nimemfutia folda nzima, nikampa faili jipya, na uhakiki ameufanya yeye kwa mkono wake. Nikamwambia aandike ss -ltnp. Tor moja, poti 9150.