Geji ya kuchorea mbao: ununue ipi kama bado unachora kwa kidole na penseli

Mafundi wengi hapa Dodoma tunachora kwa kidole, unashika penseli, kidole cha kati unakiegemeza kwenye ukingo wa mbao halafu unavuta. Inaenda vizuri tu mpaka siku kibanzi cha mkongo kikuingie chini ya kucha. Alafu penseli nayo inakuwa butu njiani, mstari umeanza mwembamba unaishia mnene wa milimita nzima, sasa msumeno upite kulia au kushoto?

Geji, wengine mnaita makingi geji, ni mkono wenye sindano karibu na mwisho, na kichwa kinachoteleza juu yake na kukazwa kwa skrubu; kichwa kinaegemea ukingo, sindano inachora. Inafanya kazi ya hicho kidole ila haitetemeki. Na ile G kwenye SGR yetu ndo neno hilo hilo bana, umbali wa chuma hadi chuma, wao wanashika milimita 1435, sisi tunahangaika na 6.

Namba moja kwangu ni geji ya mbao ya sindano moja, ile ya kawaida kabisa ya kwenye maduka ya vifaa. Najua kuna watakaobisha. Kasoro yake ni kwamba sindano ni ya duara kama msumari, ukifuata nyuzi za mbao haina neno, ukikatiza nyuzi inachanachana. Lakini hiyo inatibika kwa tupa ndogo. Yangu nilikaa nayo mlangoni nikaipiga tupa upande huu na huu mpaka ncha ikawa kama kisu kidogo, nikaacha itokeze milimita 2 tu, nikajaribu kwenye kipande cha paini kukatiza nyuzi na mstari ukatoka kama umepigwa wembe. Dakika kumi hazikufika.

Usichoweza kutibu kirahisi ni kichwa kibovu, kwa iyo dukani macho yawe hapo, mng'ao wa vanishi achana nao. Kaza skrubu kwa vidole viwili halafu sukuma kichwa kwa dole gumba, kikiteleza rudisha. Kisha weka 50 kwenye rula, kaza, pima tena, maana kuna geji ukimalizia kukaza kichwa kinajipinda kidogo na 50 yako inakuwa 51, na hilo utaligundua ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine, ukiwa umeshakatwa. Angalia pia skrubu inaingia kwenye chuma au imetobolewa kwenye mbao tupu, hiyo ya mbao tupu meno yake yanakwisha mapema. Mkono wa geji uchungulie kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki, uliopinda utaonekana. Muuzaji akikuharakisha we mwache aharakishe.

Jambo lingine la huku kwetu. Geji yangu ya kwanza nilinunua Dar kipindi cha masika, imekaa vizuri, inateleza kwa raha. Kufika Julai na upepo huu wa Dodoma unaokausha mpaka midomo, mkono ukasinyaa na kichwa kikaanza kucheza kama jino la mtoto. Nikadhani nimeuziwa kimeo, kumbe ni ukavu tu. Nilikata kipande cha kadi ya vocha nikakibandika kwa gundi ndani ya tundu la kichwa, mpaka leo kipo. Kwa iyo ukinunua ya mbao nunua wakati wa kiangazi, au chagua inayobana kidogo.

Namba mbili, geji ya gurudumu. Hii ni fimbo ya chuma yenye kigurudumu kikali mwishoni, Veritas ya Canada wanatengeneza nzuri na kuna za bei ya chini kutoka China. Kukatiza nyuzi haina mpinzani, na chuma hakisinyai. Mbona si ya kwanza? Kwanza bei, za maana ni za kuagiza. Pili zile zenye kichwa cha duara zinabingirika, ikidondokea sementi kigurudumu kinameguka. Tatu mstari wake ni mwembamba mno, kwenye mninga mweusi hauuoni mpaka upitishe penseli juu yake. Ukiipata hakikisha ule upande ulionolewa mshazari unatazama kichwa, ndo unaovuta kichwa kibane kwenye mbao. Ukigeuzwa geji inasukumwa nje.

Ya sindano mbili naiweka ya tatu, ila kama riziki yako ni milango na mafremu ichukue kabla ya zote, maana inachora tundu na ulimi kwa mkupuo mmoja. Sindano zipange kwa kuziegemeza kwenye patasi yenyewe, usiende kwenye rula, patasi iliyoandikwa 12 si lazima iwe 12. Za bei nafuu ile sindano ya pili inalegea, itikise kabla hujalipa.

Geji ya kisu, yenye kisu kidogo mahali pa sindano, ni nzuri kwa droo za davuteli, yaani kona zinazoungwa kwa meno yenye umbo la mkia wa njiwa, lakini ukishaipiga tupa ile ya kwanza sioni sababu ya kutoa hela tena.

Halafu kuna ya kujitengenezea, ambayo sijaipa namba kwa sababu hainunuliwi. Kipande cha mninga mkavu kwa kichwa, kingine kwa mkono, msumari ulionolewa, na badala ya skrubu unaweka kabari pembeni. Tundu la kichwa ndo linakula muda, nusu siku kama patasi ni kali. Yangu ikilegea Agosti naigonga kabari kwa mpini wa patasi, tap, naendelea.