RAV4 yangu ilikuwa inashtuka kila gia, kumbe gia boksi ni nzima, mbovu ni kontroo boksi (uzoefu wangu Dodoma)

Naandika hii kwa ajili ya wenye RAV4 hizi tunazoziita Kilitaimu, hasa za 2001 mpaka 2003, na mwenye Toyota yoyote ya automatiki ambaye fundi ameshamwambia gia boksi imekufa tafuta hela. Kabla hujaitafuta hiyo hela soma kwanza. Mi nimetengenezewa kontroo boksi ya enjini, yani kompyuta ya gari, hapa hapa Dodoma, gari inatembea vizuri na gia boksi ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani.

Gari ni ya 2002, enjini 1AZ ya D4, cc 2000. Kazi yake kubwa ni kupeleka chakula cha mchana maofisini Mtumba, natoka nayo Ilazo mahotipoti yamejaa nyuma, kwahiyo ikisumbua ni biashara yangu ndo inasumbuka. Ilianza hivi, asubuhi kukiwa na kibaridi hamna shida kabisa, gia zinaingia laini hata huzisikii. Ikifika saa saba saa nane mchana, jua limewaka na gari nimeipaki juani kwa sababu pale ninapopaki hamna hata mti, ukiwasha ukaweka D inashtuka mpaka shingo inarudi nyuma. Ya kwanza kwenda ya pili inagonga, ya pili kwenda ya tatu unasikia gudu chini kama kuna kitu kimeachia, na siku nyingine inang'ang'ania gia moja tu, unakanyaga mafuta enjini inalia, rpm zinapanda, gari halichanganyi na malori ya kwenda Dar yanakupigia honi nyuma yako. Kuna mchana natoka kwenye tuta pale Ihumwa ikagonga, hotipoti la rosti likaruka kifuniko kikatoka, mchuzi wote kwenye kapeti, sahani za watu ishirini na kitu hazina mboga na watu wananisubiri. Siku hiyo nililia jamani. Taa ya chek enjini nayo ilikuwa inawaka, inakaa siku kadhaa, inazimika yenyewe, alafu inarudi.

Hiyo ya kwamba ikiwa ya baridi nzima, ikipata joto mbovu, ishikeni, ndo ilikuja kufungua kila kitu mbele huko.

Gereji ya kwanza wakachomoa dipstiki, wakanusa oili, wakaniambia diski za ndani zimeungua, gia boksi ishushwe tuweke used kutoka Dar, na ufundi jumla milioni moja na laki tisa. Skana, kile kifaa cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, hawakuweka. Mi oili niliiona kwa macho yangu, nyekundu safi, haina harufu ya kuungua, nikauliza sasa mnajuaje ni diski, jibu ni "mama hizi gari tunazijua". Nikaondoka. Gereji ya pili hao walikuwa na skana, zikatoka kodi mbili, yani namba za makosa, P0753 na P0758, yule kijana akasoma kwenye simu "solenoidi A, solenoidi B" akasema nunua solenoidi zote mbili (zile valvu za umeme zinazoongoza oili ndani ya gia boksi) tufungue sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, tubadilishe. Huyu angalau alipima. Ila na yeye alikuwa anataka ninunue spea kabla hajajua kilichoharibika.

Dereva mmoja wa ofisi pale Mtumba, mteja wangu wa kila siku, ndo akanielekeza kwa fundi mmoja maeneo ya Kizota anayetengeneza makontroo boksi, mita za dashibodi na mambo ya funguo. Kachumba kadogo, meza moja, taa yenye lenzi kubwa na maboksi ya alumini yamepangwa ukutani. Jina lake siweki hapa ila kazi yake naielezea yote, nzuri na mbaya.

Kitu cha kwanza alichoniambia, dada hizo kodi mbili zinaongelea sakiti ya umeme, na sakiti ina vitu vitatu, solenoidi yenyewe, waya, na kompyuta inayoiendesha, sasa tunapima kimoja kimoja mpaka kimoja kikiri. Akachomoa soketi ya gia boksi, akaweka multimita kwenye pini. Zile solenoidi mbili zilizolalamikiwa zikatoka ohm tano na kitu, zinafanana kabisa, akanionyesha kwenye laptopu kwamba kwenye hizi gia boksi zinatakiwa kati ya 5.0 na 5.6 zikiwa za baridi. Solenoidi nzima. Yani ningenunua zile mbili hela ingekuwa imeenda. Akapima waya kuanzia soketi ya gia boksi mpaka soketi ya kontroo boksi, hamna uliokatika wala uliogusa bodi. Akaangalia na eathi ya betri na chaji ya altaneta, akasema volti zikiyumba kompyuta inatoa kodi za uongo, kwangu ilikuwa 14 na pointi, safi.

Akafungua boksi la dashibodi upande wa abiria, nyuma yake ndo kontroo boksi inakaa, kiboksi cha alumini chenye stika, namba inaanza na 89661. Hakuichomoa. Akafuta kodi, akawasha gari iungurume bila kukanyaga mafuta skana ikiwa imeunganishwa, alafu akachukua draya ya nywele, ile ile ya saluni, akaanza kuipulizia joto hiyo boksi taratibu huku ananiambia dada angalia skana. Dakika chache tu, P0753 hiyo. Akaongeza joto kidogo, P0758 nayo hiyo hapo. Akazima draya, akaweka feni ndogo ikapoa, akafuta kodi, hazikurudi. Akarudia joto, zikarudi. Gari imesimama pale pale, gia boksi haijaguswa na mtu, na ugonjwa unakuja na kuondoka kwa draya. Kwangu mimi huo ndo ushahidi, na ndo kitu ambacho gereji zote mbili zilitakiwa kunipa kabla ya kutaja bei.

Nikamuuliza kwanini sasa igonge hivyo kama gia boksi ni nzima. Akanieleza vizuri, kompyuta ya hizi gari ni moja, inaendesha enjini na gia boksi pamoja, na ndani ya gia boksi kuna presha ya oili inayobana zile diski. Gia inapobadilika kompyuta inashusha presha kidogo kupitia solenoidi ili diski zishikane kwa upole. Kompyuta ikiona sakiti imekatika inaacha kuendesha hizo solenoidi, na gia boksi ilivyoundwa, solenoidi ya presha ikikosa umeme presha inapanda mpaka mwisho ili diski zisiteleze zikaungua. Ndo maana inagonga. Kwahiyo ile gudu ya mchana ilikuwa gia boksi inajikinga. Ila akasema ukiendelea kutembea nayo hivyo miezi na miezi, hicho kipigo kinakula vitu vya ndani na mwisho unakuwa na magonjwa mawili, kontroo boksi na gia boksi kweli. Na mtu aliyefungiwa gia boksi nyingine huku kontroo boksi ni ile ile itaendelea kugonga, ataambiwa hii used nayo ni mbovu tulete nyingine. Inaniuma sana hii kwa sababu kuna watu Dodoma hapa wameuza gari kwa bei ya kutupa kwa tatizo hili hili.

Na sio kitu kipya. Marekani RAV4 za 2001 mpaka 2003 zilijulikana sana kwa ugonjwa huu, kompyuta ya enjini inasababisha gia kugonga, mpaka Toyota wenyewe wakatoa waraka wa kiufundi kwa gereji zao kuhusu kubadilisha hiyo kompyuta. Sasa hizi gari zimekuja kwetu zikiwa na umri, zinapaki kwenye jua la Dodoma kutwa, lazima zionyeshe.

Matengenezo yenyewe. Alifungua boksi mbele yangu, akaiweka bodi chini ya lenzi akanipisha nichungulie. Kwenye miguu ya baadhi ya vifaa, pale risasi ya kuchomelea inaposhika pini, kuna kamstari kembamba kamezunguka pini duara zima, bila lenzi huwezi kukaona. Risasi imepasuka kwa miaka ya kupata moto na kupoa. Ikiwa ya baridi inagusa, ikipanuka kwa joto inaachia. Alinyonya risasi ya zamani, akachoma mpya mguu mmoja mmoja, akabadilisha na vifaa viwili vya sehemu inayoendesha solenoidi, akasafisha kwa spiriti, akapaka tena ile vanishi ya kuzuia unyevu. Akaniambia kuna wanaopuliza bodi nzima kwa hotigani, inapona muda mfupi alafu inarudi vibaya zaidi kwa sababu wameamsha na viungo vilivyokuwa vizima. Mkienda popote ulizeni watachomaje.

Used kutoka Dar nilipigia simu watu wa Gerezani, bei zilikuwa kuanzia laki nne, na lazima namba ifanane na ya kwako, ya enjini ya 1ZZ haikai kwenye 1AZ, ya fowilidraivu haikai kwenye ya tairi mbili. Kama gari ina imobilaiza, ile kinga ya wizi ya kwenye funguo, ndo zaidi, funguo haitambuliwi mpaka data zihamishwe kutoka boksi la zamani. Na hata ukiipata hiyo used, ina umri ule ule, nani kakwambia risasi yake haijapasuka? Mi nikaona nitengeneze ya kwangu. Kupima elfu thelathini, ambayo aliikata kwenye bei ya kazi, na kazi laki mbili na themanini, warantii miezi mitatu. Kwa nilichokuwa nimetajiwa mwanzo, milioni moja na laki tisa, hesabu mnaiona wenyewe.

Sasa mabaya yake maana nayo yapo. Muda. Aliniambia kesho jioni, ikawa keshokutwa, ikawa vifaa vinakuja na basi kutoka Dar, simu hapokei, mi huku nakodi kirikuu kila siku kupeleka chakula Mtumba na faida yote inaishia kwa mwenye kirikuu. Angesema toka mwanzo kazi ni wiki nzima ningejipanga. Risiti alitaka kuniandikia kwenye karatasi ya daftari, nilivyokomaa ndo akatoa kitabu na kuandika warantii kwa maneno, tarehe na namba ya boksi. Fundi mwenye mikono kama ile hatakiwi kusukumwa kwenye jambo hilo, maana mteja akipoteza kikaratasi warantii nayo imepotea. Pia vifaa vya zamani alivyotoa ombeni mpewe, alinipa bila shida ila baada ya kuomba.

Baada ya kufunga nilibadilisha oili ya gia boksi, T-IV ile inayotakiwa na hizi gari, msikubali kuwekewa yoyote tu kwa sababu ni nyekundu. Siku mbili tatu za kwanza gia zilikuwa bado zinajitafuta kidogo, alishaniambia kompyuta inajifunza upya baada ya betri kuchomolewa, alafu zikatulia. Nikaipeleka kwenye mtihani wa kweli, nilienda Kintinku kuchukua mchele nikaunganisha mpaka Manyoni, mchana wa jua kali na mzigo nyuma, na kile kipandishi cha kabla ya Manyoni ilipanda inashusha gia na kupandisha bila kugonga hata mara moja. Kurudi nikapita tena Kizota akaweka skana, hamna kodi. Na Oktoba na Novemba zote zimepita, joto mnalijua, hotipoti hazijaruka.

Kwa kumi nampa nane. Mbili nimekata kwa ajili ya muda na ile risiti, ufundi wenyewe sina cha kukata. Kama gari yako inagonga gia hata asubuhi ikiwa ya baridi, au oili imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, hiyo inaweza kuwa gia boksi kweli, usilazimishe kontroo boksi. Ila kama ni ya joto tu na kodi zinazungumzia sakiti ya solenoidi, mwambie fundi apime ohm kwanza na aipashe joto boksi mbele yako ukiona.

Warantii ya miezi mitatu imeshaisha na boksi haijarudi mezani kwake. Mdogo wangu yuko Singida, ana Kilitaimu ya 1ZZ nayo imeanza kushtuka mchana, fundi wa huko ameshamtajia gia boksi. Nimemwambia asitoe hata mia, aje nayo mwezi ujao tuipime, na ikionekana sio kontroo boksi nitaandika pia.