Shule ndogo ya binti yangu hapa Tanga: madaftari, ada na mwalimu aliyeondoka

Kina mama wengi wanaokuja dukani kwangu Ngamiani wananiuliza kama shule ya binti yangu inafaa. Inafaa, tena sana, kwa mtoto wa awali na madarasa ya chini. Kuanzia la nne kwenda juu sina ushahidi, maana wangu sasa yuko la pili. Jina silitaji: shule ni ndogo, watoto wanajulikana mmoja mmoja, na anayetaka kuijua aje tuongee.

Iko upande wa Sahare, kila darasa lina mkondo mmoja, na darasa la binti yangu lina watoto ishirini na wawili. Shule za kawaida za serikali hazina ada, na wapwa zangu wanasoma huko na wanasoma vizuri. Kilichonifanya nitafute kwingine ni idadi. Binti yangu ni mtoto wa kukaa kimya. Kwenye darasa lenye watoto mia, angenyamaza mwaka mzima na hakuna ambaye angegundua.

Mkisikia shule ndogo inasifiwa kwa matokeo, tulieni kwanza. Matokeo ya shule yoyote yapo kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, unafungua mkoa, halmashauri, kisha shule yenyewe. Lakini shule ikiwa na watahiniwa tisa na wote wakapata A, hapo umejua habari za watoto tisa tu, na pengine waliokuwa wazito walihamishwa wakiwa la sita. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya 2022, ila mabango ya "tumeongoza" bado yamejaa mjini.

Mimi niliomba madaftari. Nilikataa yale yaliyopangwa ofisini kwa ajili ya wageni, nikaomba ya mtoto yeyote wa dawati la nyuma, darasa la kwanza. Mwalimu mkuu hakuhangaika, alinipeleka darasani nikachagua mwenyewe. Nililofungua lilikuwa la hesabu. Mtoto alikuwa anaandika 5 imegeuka nyuma. Mwalimu hakuishia kumwekea mkasi. Alikuwa amemchorea 5 kwa vidoti vyekundu, mstari mzima, mtoto apitishe penseli juu yake. Siku iliyofuata vidoti tena, lakini nusu ya mstari. Kurasa mbili mbele, 5 imekaa sawa, na pembeni mwalimu ameandika "Vizuri sana" kwa mkono wake. Pale pale nilijua nimefika.

Nasema hivyo kwa sababu kwenye shule nyingine niliyokwenda, yenye geti la kifahari na bembea za rangi, nilikuta daftari limejaa alama za vema ukurasa hadi ukurasa. Saba jumlisha sita, mtoto ameandika kumi na mbili. Vema. Ada ya pale ilikuwa karibu mara mbili.

Kuhusu Kiingereza: masomo ni kwa Kiingereza, lakini mwalimu wa madarasa ya chini akiona nyuso zimeganda anarudi kwenye Kiswahili, anaeleza, kisha anaendelea. Hakuna mtoto anayevalishwa kibao shingoni kwa kuwa ameongea Kiswahili. Hilo kwangu halina mjadala. Mtoto wa miaka sita anayeadhibiwa kwa lugha anayoongea na bibi yake atajifunza kunyamaza, na wangu alikuwa tayari anajua kunyamaza. Sasa hivi anarudi nyumbani anaongea zote mbili, mpaka namwambia apumzike ale.

Jambo jingine ambalo wageni wa Tanga hawalifikirii ni chuo. Watoto wetu mchana wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Shule kadhaa zinawabakiza hata wa darasa la kwanza kwa masomo ya ziada mpaka saa kumi, mtoto anafika kwa ustadhi anasinzia. Hapa madarasa ya chini wanatoka saa saba na nusu. Anakula, anaoga, anakwenda chuo akiwa na akili yake.

Ada ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, awamu nne. Uji wa saa nne umo ndani. Gari la shule, sare na chakula cha mchana unalipa pembeni, na yote yameandikwa kwenye karatasi unayopewa pamoja na fomu. Hatujaletewa mchango wa kushtukiza hata mara moja. Ukipiga hesabu, kumbuka kwamba kwa mtaala mpya shule ya msingi inaishia darasa la sita.

Kasoro ipo, tena kubwa. Walimu hawakai. Ajira za serikali zikitangazwa, shule kama hii ndiyo inayoumia, kwa sababu mwalimu kijana hawezi kuacha ajira ya kudumu. Mwalimu wa vidoti vyekundu aliondoka katikati ya muhula, akapangiwa mkoa mwingine. Simlaumu hata kidogo. Lakini darasa lilikaa wiki kadhaa likishikwa na mwalimu mkuu mwenyewe, na binti yangu alirudi kwenye ukimya wake. Aliyekuja baadaye ni mzuri, ila alianza upya kuwajua watoto. Ukienda, muulize mwalimu mkuu nani alifundisha la kwanza mwaka juzi na yuko wapi leo. Uwanja nao ni mdogo, na maktaba ni kabati moja la vitabu.

Shemeji yangu anashikilia nimpeleke bweni. Hata ningetaka, tangu Machi 2023 bweni limezuiwa kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na naona ni uamuzi wa haki kabisa.

Fomu hutoka mwezi wa tisa. Nenda siku ya kazi, asubuhi, watoto wakiwa darasani. Jumamosi utakutana na mhasibu peke yake, na madaftari yamefungiwa.