Uchambuzi: Tiara ya Gazeti na Chelewa kutoka Kwale

Assalaam aleikum, watazamaji wangu popote mlipo. Leo sichambui simu wala redio. Nilicho nacho mkononi ni tiara, ambayo wengine wenu mnaiita kishada, iliyotengenezwa na mpwa wangu wa miaka 11 kijijini Kwale, nami nikavuka nayo kivuko cha Likoni ili niijaribu huku Mombasa.

Itazameni kwa karibu. Mifupa yake ni vijiti viwili vya uti wa ukuti, vya aina ile ile inayofungwa kuwa ufagio wa chelewa, navyo vimekwanguliwa kwa kisu hadi vikalingana uzito, kwa sababu upande mmoja ukizidi, tiara huegemea huko na kuanguka. Karatasi ni ya gazeti, gundi ni unga wa ngano uliopikwa kwa maji, na mkia ni utepe uliochanwa kwenye leso kuukuu ya nyanya yake.

Mkia huo ndio ninaousifu zaidi. Jana alasiri, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, niliirusha kwanza bila mkia, nayo ikazunguka kama pia na kujipiga mchangani. Nilipoufunga, ikatulia, ikakaza uzi, ikapanda hadi ikapita vilele vya minazi. Niliupunguza mkia shubiri moja, ikapanda upesi zaidi.

Tiara ya plastiki niliyoinunua dukani mwaka jana ilivunjika kiungo siku ya pili, na hapakuwa na namna ya kukitengeneza. Hii ilipopasuka ubavuni, niliitia kiraka cha gazeti, nikaianika juani, na haikuchukua muda ikawa hewani tena.

Kasoro zipo. Haistahimili hata manyunyu, na huo uzi wa kushonea unakata vidole, kwa hiyo uzungushieni kopo la maziwa mpate pa kushika. Tafadhali, wazazi, msiwaache watoto wairushe karibu na nyaya za umeme, na ikinasa huko, isifuatwe.

Alinipa pia gari la waya, lakini usukani wake unastahili siku yake peke yake. Kesho naivusha tiara Likoni kumrudishia mwenyewe, pamoja na uzi mnene wa pamba, maana huo tu ndio alioukosa shambani.